Gramu za maabara na tani za kiwanda: kwa nini tafiti zetu za saruji haziendi kiwandani, na LC3 ilifikaje

Mwanzilishi wa uzi

Wanajukwaa, heshima zenu.

Nimesita kwa muda kuanzisha uzi huu, kwa sababu mada za saruji na mazingira huishia haraka kwenye malumbano ya bei ya mfuko. Bei ni jambo la haki na tutaifikia. Kwanza naomba tujadili kilicho nyuma yake: kwa nini utafiti wa saruji yenye hewa ya ukaa kidogo, ambao wanafunzi na wahadhiri wetu wameufanya kwa miaka mingi, hauvuki geti la kiwanda, na kwa nini utafiti mmoja, wa saruji iitwayo LC3, uliowaunganisha watu wa Uswisi, Cuba na India ulivuka.

Nianze na langu. Mwaka wa mwisho wa uhandisi ujenzi nilifanya mradi wa kubadilisha sehemu ya saruji kwa jivu la pumba za mpunga. Nilichoma pumba kwenye pipa, nikasaga jivu kwa kinu kidogo cha maabara, nikamwaga kyubu za zege za kupimia nguvu, nikazizamisha majini na kuzivunja siku ya 7, ya 28 na ya 56. Zenye asilimia 10 ya jivu zilitoa nguvu sawa na zile za saruji tupu, nami nikapata alama nzuri. Kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimenipa mifuko miwili ya saruji, na ofisa wake alikuja kusikiliza wasilisho langu. Aliuliza swali moja tu: kwa siku mtatuletea tani ngapi? Sikuwa na jibu. Kyubu zilizobaki zikawa za kuzuia mlango wa maabara usijifunge, na ripoti ikaingia kabatini.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba yule bwana hakupenda sayansi. Baadaye nikakaa chini nikapiga hesabu. Kiwanda kinachotoa tani milioni 1 za saruji kwa mwaka, kikitaka kuweka asilimia 10 ya jivu, kinahitaji tani 100,000 za jivu. Pumba ni takribani moja ya tano ya uzito wa mpunga, na jivu ni takribani moja ya tano ya uzito wa pumba, kwa hiyo tani 1 ya mpunga inatoa kama kilo 40 za jivu. Kiwanda hicho kimoja kingehitaji pumba zinazotoka kwenye tani milioni 2.5 za mpunga kila mwaka, zikusanywe kutoka mashine za kukoboa zilizotapakaa Kilombero, Kyela na kwingineko. Zaidi ya hapo, zingepaswa kuchomwa kwa joto linalodhibitiwa, maana moto ukizidi silika hujipanga kuwa fuwele na jivu hupoteza ukali wake wa kushikana na chokaa. Pipa langu halikuwa na hata kipimajoto. Swali la yule ofisa lilikuwa swali la utafiti kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika katika sura ya kwanza ya ripoti yangu.

Sasa tuangalie tatizo lenyewe. Saruji inakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Wengi wakisikia hivyo hudhani kosa ni la makaa ya mawe na mafuta, na kwamba kiwanda kikihamia nishati safi mambo yameisha. Hayaishi. Ili kupata klinka, ambayo ndiyo moyo wa saruji, mawe ya chokaa huchomwa katika tanuru linalofikia nyuzi joto 1,450, na jiwe lenyewe hutoa hewa ya ukaa linapovunjika. Tani 1 ya kalsiamu kaboneti safi hutoa kilo 440 za hewa hiyo hata kama moto umetoka kwenye jua. Takribani asilimia 60 ya hewa ukaa ya klinka hutoka kwenye jiwe, na sehemu iliyobaki karibu yote ni ya fueli. Wazee wetu wa pwani waliochoma matumbawe katika tanuu kupata chokaa ya kujengea walikuwa na kemia hiyohiyo mikononi, ila chokaa yao ilirudi kunyonya sehemu kubwa ya hewa ile ilipokuwa ikikauka ukutani, jambo ambalo zege la leo hulifanya polepole na kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo njia iliyo karibu zaidi ni kupunguza klinka ndani ya mfuko. Ulaya na India zimefanya hivyo kwa miaka mingi kwa kutumia majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe na slagi ya matanuru ya chuma. Kwetu vitu hivyo si vya kutegemea. Tulicho nacho ni pozolana za volkano, yaani mawe na majivu yanayoshikana na chokaa, kama zile za ukanda wa Mbeya, na udongo wa mfinyanzi ambao karibu kila wilaya inao.

Hapo ndipo LC3 inapoingia, kifupi cha Kiingereza cha limestone calcined clay cement. Ni saruji yenye takribani asilimia 50 ya klinka, asilimia 30 ya udongo wa mfinyanzi uliochomwa, asilimia 15 ya mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na asilimia 5 ya jasi. Udongo unaofaa ni wenye kaolinaiti (madini makuu ya udongo wa kaolini), na hauhitaji kuwa safi: uzoefu wa watafiti wake ni kwamba kaolinaiti ikizidi asilimia 40 hivi, nguvu ya siku 28 inaweza kulingana na ya saruji ya kawaida. Unachomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, unatoa maji badala ya hewa ya ukaa, na unageuka kuwa metakaolini. Metakaolini hushikana na chokaa inayozaliwa saruji inapokutana na maji, na alumina yake hushikana na mawe ya chokaa, ikitengeneza madini yanayoziba vitundu vya zege. Viungo hivi viwili vinasaidiana, na ndiyo maana klinka inaweza kupunguzwa kiasi hicho. Hewa ya ukaa hupungua kwa kati ya asilimia 30 na 40 kulingana na kiwanda.

Makala ya mwaka 2012 ya Mathieu Antoni na wenzake ilionesha kwamba mchanganyiko wenye asilimia 30 ya metakaolini na asilimia 15 ya mawe ya chokaa ulizidi saruji tupu kwa nguvu siku ya 7 na ya 28. Makala zenye matokeo mazuri ni nyingi duniani, zikiwemo zetu. Tofauti ilikuwa nani aliyesimama nyuma ya hii. Profesa Karen Scrivener, kabla ya kuongoza maabara ya vifaa vya ujenzi katika chuo cha EPFL kule Lausanne, Uswisi, kuanzia mwaka 2001, alikuwa ametumikia maabara kuu ya utafiti ya kampuni ya Lafarge nchini Ufaransa. Alijua swali la tani kabla hajaulizwa. Mwenzake, Fernando Martirena wa Chuo Kikuu cha Las Villas, Santa Clara, Cuba, alikuwa katika nchi iliyohitaji saruji zaidi bila kuwa na fedha za kujenga matanuru mapya ya klinka. Mmoja alikuwa na hadubini, mwingine alikuwa na shida ya kweli, na mradi ukakaa katikati yao.

Mwaka 2013, mwaka mmoja tu baada ya makala ile, walifanya jaribio la kiwandani Siguaney, Cuba. Udongo ulichomwa katika tanuru la kuzunguka la kiwanda cha saruji, na saruji iliyopatikana ikatumika kufyatua matofali ya zege na kutengeneza vipande vya zege vya kiwandani. Fedha za Shirika la Maendeleo na Ushirikiano la Uswisi ziliibeba kazi hiyo miaka iliyofuata hadi India, ambako taasisi za teknolojia za Delhi, Madras na Bombay zilishiriki, na karibu na Jhansi ikajengwa nyumba ya mfano. Hatua ya tani ililipiwa na umma. Kiwanda hakikuombwa kubeba hasara ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu, na chuo hakikuachwa kidai kwamba kyubu za maabara zinatosha.

Hiyo ndiyo hoja yangu, nanyi ipingeni mnavyoweza: makubaliano ya chuo na kiwanda yasiyotaja nani analipia jaribio la tani, na nani anaanza kuzungumza na shirika la viwango siku ya kwanza, ni makubaliano ya kupiga picha.

Mchangiaji wa pili (msimamizi wa saiti)

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye uzito. Mimi si mtu wa maabara, ni mtu wa saiti kwa miaka kumi na tano, na nitauliza kama mtu wa saiti. Mosi, zege la saruji hiyo navua fomu (mbao zinazolishikilia) siku ya ngapi? Pili, nimesikia kwamba udongo ukichomwa saruji inakuwa nyekundu. Mteja wangu akiona zege jekundu ataniambia nimeweka vumbi la barabarani, na kumshawishi vinginevyo sitaweza. Tatu, mafundi wetu wanapima kwa karai na toroli, na wakiona zege gumu kumwaga wanaongeza maji. Hiyo saruji inavumilia?

Mwanzilishi wa uzi

Msimamizi, maswali yako yote matatu ni yale ambayo tafiti nyingi za vyuoni huyaruka, kwa sababu kyubu haivuliwi fomu ikiwa juu ya kichwa cha mtu.

Kuhusu fomu: siku za mwanzo kabisa, ya 1 hadi ya 3, nguvu ya LC3 huwa pungufu kidogo, kisha huchukua kasi na kuifikia saruji ya kawaida kuanzia kama siku ya 7 ikiwa udongo ni mzuri. Kwa slabu na mihimili nisingevua kwa mazoea. Ningevunja kyubu zilizokaa saiti pamoja na slabu, na kuvua kwa namba. Rangi ni kweli. Chuma kilichomo kwenye udongo huoksidika na kuleta wekundu, na viwanda vinavyotaka rangi ya kijivu hupoza udongo katika hewa yenye oksijeni kidogo. Hilo ni suala la mitambo, linagharimu, na ni mfano mzuri wa tatizo ambalo mwanafunzi hawezi kuligundua maabara kwa sababu hamwuzii mtu.

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Metakaolini ina chembe laini sana na inanyonya maji, kwa hiyo zege huonekana kavu hata likiwa sahihi. Dawa yake ni kilainishi cha zege, ambacho wakandarasi wakubwa wanacho na fundi wa nyumba ya vyumba vitatu hana. Akiongeza maji atashusha nguvu, kama anavyoishusha hata leo kwa saruji ya daraja la nguvu la thelathini na mbili nukta tano. Ndiyo maana ningependa saruji hii ianzie kwa wafyatuaji wa matofali na kwa viwanda vya zege linalosafirishwa kwa malori, ambako mizani na kilainishi tayari vipo.

Mchangiaji wa tatu (mkemia wa kiwanda)

Nimesoma kwa makini. Nafanya kazi kiwandani, na nitasema ninachoweza bila kuvunja mkataba wangu wa ajira.

Mwanzilishi ametutendea haki kuliko nilivyotarajia, lakini bado hajaeleza gharama yetu inavyokaa. Tanuru la klinka haliwashwi na kuzimwa kama jiko la mkaa. Likipoa ghafla, matofali yake ya ndani yanayokinga joto hupasuka, na siku zinazopotea haziwezi kufidiwa na barua ya shukrani kutoka chuoni. Mtafiti anapokuja na ombi la kutumia tanuru kwa siku mbili tu, anaomba kitu ambacho meneja wa uzalishaji hana mamlaka ya kutoa.

Pia kuna kusaga. Maabara husaga kila kiungo peke yake, kisha huchanganya. Kiwanda kingi kina kinu kimoja cha mipira ya chuma, na vyote huingia pamoja. Udongo uliochomwa na mawe ya chokaa ni laini, hivyo husagika mapema na kujaza kinu kwa unga, huku klinka, iliyo ngumu, ikibaki na chembe kubwa. Kipimo cha ulaini kinaonesha saruji ni nzuri sana, na nguvu ya siku ya 2 inakuja chini. Niliwahi kupewa ripoti nzito ya chuo isiyokuwa na hata aya moja kuhusu jambo hili. Nani wa kulaumiwa? Labda sisi, kwa sababu hatukumruhusu mtafiti aingie kwenye chumba cha kinu kwa zaidi ya nusu saa, tena akiwa amevalishwa kofia ya wageni.

Mchangiaji wa nne (mhadhiri)

Nami nitoe sauti ya upande wa chuo, kwa kuwa mkemia amesema ukweli.

Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa. Kiwanda kikinipa sampuli kwa sharti kwamba matokeo ni siri kwa miaka mitano, kinaniomba nifanye kazi ambayo mwajiri wangu hataihesabu. Mwanafunzi wangu wa uzamili ana miezi kumi na minane, wakati kyubu za kupima uimara dhidi ya chumvi au hewa ya ukaa zinahitaji mwaka na zaidi. Matokeo yake tunapima nguvu ya mgandamizo tu, kwa sababu siku 28 zinaingia kwenye ratiba, na kila mwaka tunaongeza jivu jipya: la pumba, la bagasi, la maganda ya muhogo. Nakiri kwamba sehemu ya rafu zetu imejaa kazi inayojirudia.

Mwanzilishi, unasemaje kuhusu usiri? Hapo ndipo mazungumzo yetu mengi na viwanda hufia.

Mwanzilishi wa uzi

Mwalimu na Mkemia, nawashukuru. Nitajibu pamoja, kwa sababu jibu moja linawagusa wote wawili.

Mwaka 2004 ulianzishwa Ulaya mtandao ulioitwa Nanocem, Scrivener akiwa miongoni mwa waasisi wake, uliokusanya vyuo na kampuni za saruji zinazoshindana sokoni. Kampuni zilichangia mfuko mmoja, wanafunzi wa uzamivu wakafanya kazi juu ya maswali ya msingi: chembe za saruji zinakuaje, maji yanapita wapi, udongo uliochomwa unashikana na nini. Matokeo ya ngazi hiyo yalikuwa ya wanachama wote na yalichapishwa. Siri za kila kampuni, yaani mapishi yake na gharama zake, zilibaki kwake. Huko Marekani, chuo cha MIT kilianzisha kituo cha uendelevu wa zege mwaka 2009 kwa fedha za vyama vya sekta nzima badala ya kampuni moja. Mpaka kati ya kinachochapishwa na kinachofichwa unachorwa kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa. Kwetu mpaka huo huchorwa siku matokeo yanapotoka, na kama ni mabaya huchorwa kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo, Mwalimu, kemia ya udongo ichapishwe, na mpangilio wa kinu cha Mkemia ubaki wake. Mwanafunzi akipewa miezi sita ya kukaa kiwandani akiwa na kitambulisho cha mfanyakazi, atarudi na swali la kusaga, na makala yake itasomwa na watu wengi kuliko jivu la nne la maganda.

Sasa viwango, ambavyo hakuna aliyevigusa. Kiwango cha saruji cha Afrika Mashariki, EAS 18-1, kimefuata mfumo wa Ulaya wa EN 197-1. Ndani ya mfumo huo kuna saruji ya pozolana, CEM IV, ambayo inaweza kushuka hadi asilimia 45 ya klinka, lakini mawe ya chokaa hayahesabiwi kama kiungo chake kikuu. Zile zinazoruhusu mawe ya chokaa pamoja na udongo uliochomwa, kundi la CEM II/B-M, zinadai klinka isipungue asilimia 65. LC3 yenye asilimia 50 ikaangukia katikati ya viti viwili. Ulaya ilitoa EN 197-5 mwaka 2021, ikiruhusu kundi jipya la CEM II/C-M linaloanzia asilimia 50. India ilitoa kiwango chake, IS 18189, mwaka 2023. Hesabuni kutoka ile makala ya 2012: miaka 9 kwa Ulaya, miaka 11 kwa India, na watafiti wakiwa mezani muda wote. Mhandisi mshauri hatasaini mchoro wenye saruji isiyo na kiwango, hata kama ameridhika nayo kabisa, kwa sababu jengo likipata ufa ataulizwa namba ya kiwango, na makala ya profesa haitamwokoa.

Mchangiaji wa pili (msimamizi wa saiti)

Nimeelewa. Basi kwa huku kwetu, kwa nini kiwanda kihangaike? Hewa ya ukaa haimpunguzii mteja wangu hata shilingi.

Mwanzilishi wa uzi

Msimamizi, kwa upande wa kiwanda jibu ni klinka yenyewe. Nchi inayoagiza klinka kwa meli inailipia kwa dola, na udongo wake hauulizi kiwango cha kubadilisha fedha. Ghana ni mfano. Huagiza klinka, na kampuni ya CBI Ghana imejenga mtambo wa kuchoma udongo Tema kwa mitambo ya FLSmidth ya Denmark. Colombia, kampuni ya Argos iliwasha laini yake ya udongo uliochomwa pale Rioclaro mwaka 2020. Wote hao wamepiga hesabu ya fueli ya nyuzi 800 dhidi ya nyuzi 1,450. Ikiwa mfuko utashuka bei dukani, hilo linategemea ushindani, na sitakudanganya.

Kwa Tanzania nafikiria vilima vya Pugu, karibu kabisa na soko la Dar es Salaam, ambako kaolini imejulikana tangu enzi za Wajerumani. Ile safi ina wateja wengine, kama watu wa vyombo vya kauri na karatasi, na kuichoma kwa ajili ya zege ni kama kupikia ugali kwa samli. Ninachokitaka mimi ni ile chafu, yenye mchanga na chuma, inayosukumwa pembeni, maana asilimia 40 ya kaolinaiti inatutosha.

Mkemia, ukipata ruhusa ya kutueleza kinu chenu kinavyogawanya chembe, hata bila kutaja jina la kiwanda, utatusaidia. Na yeyote aliye na matokeo ya udongo wa Pugu au wa kwingineko ayaweke hapa, lakini naomba aandike kiasi cha kaolinaiti, joto la kuchomea na muda ambao udongo ulikaa kwenye joto hilo, pamoja na kiasi cha maji kwenye zege. Namba ya nguvu ya siku 28 peke yake ninayo moja tayari, na inazuia mlango.